Ukiona hivi renjini, chanzo ni hiki: utatuzi wa matatizo ya mazoezi ya gofu

Renji, yaani uwanja wa kupigia mipira ya mazoezi, inasamehe mno. Mkeka unasamehe fimbo iliyotua nyuma ya mpira, uwanja mpana unasamehe mpira uliopotea mita thelathini kulia, na ndoo ambayo bado ina mipira themanini inasamehe yote yaliyobaki. Ndiyo maana mtu anaweza kwenda renjini kila Jumamosi mwaka mzima na hendikapu, kipimo cha uwezo wake kiwanjani, isisogee hata kidogo. Bidii anayo. Ila anatibu ugonjwa ambao hajaupima: mpira umekwenda kulia, amegeuza miguu kushoto, umekwenda kulia zaidi, amekaza mikono, mmoja ukanyooka kwa bahati, akaamini dawa imepatikana.

Hapa tunaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Maelezo yote ni ya mtu anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze pande.

Kabla ya kutibu, pima

Kila mpigo unaacha ushahidi wa aina nne: mpira ulianza kuelekea wapi, ulipinda upande gani, uligusa sehemu gani ya uso wa fimbo, na fimbo iligusa chini mahali gani. Wengi wetu tunatazama jambo la tano tu, yaani pale mpira ulipoishia, na hilo peke yake halisemi mengi. Mipira miwili inaweza kulala mahali pamoja ilhali imetoka kwenye makosa mawili tofauti kabisa.

Vifaa vya kupimia havina gharama. Chukua kalamu ya kuandikia kwenye ubao mweupe, taulo dogo na fito mbili nyembamba zilizonyooka. Kwa kalamu, chora mstari mnene kwenye mpira, uweke mpira ili mstari huo utazame uso wa fimbo, kisha piga. Wino utahamia kwenye chuma na utaona alama ilipo: katikati, karibu na ncha, au karibu na shingo inayounganisha kichwa na mpini. Futa kwa taulo, piga tena. Mipira mitano tu ya namna hii itakufundisha mengi kuliko hamsini ya kubahatisha. Kwenye mashindano usithubutu kupaka chochote kwenye uso wa fimbo, maana kanuni zinakataza; renjini uko huru.

Halafu kuna kanuni moja ya mwendo wa mpira ambayo bila kuijua kila utabibu ni kupiga ramli. Mpira huanza safari yake karibu na pale uso wa fimbo ulipokuwa unatazama wakati wa kugusana. Kisha hupinda kuikimbia njia ambayo fimbo ilikuwa inapita. Walimu wa zamani walifundisha kinyume, kwamba mpira huanza kwa kufuata njia ya fimbo, na wazee wengi klabuni bado wanashikilia hivyo. Mitambo ya rada kama TrackMan, inayopima mwendo wa fimbo na mpira, ndiyo iliyomaliza ubishi huo.

Mpira unapinda kulia kila mara

Hii ndiyo slaisi, ugonjwa wa wengi. Kabla ya yote angalia alama ya wino, hasa kama unatumia draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali. Draiva ina uso uliobinuka kidogo, na mpira uliogongwa upande wa shingo hupata mzunguko wa kuupeleka kulia hata kama suingi yako, yaani mzunguko wako wa fimbo, haikuwa na kosa kubwa. Alama zikiwa zote upande wa shingo, usihangaike na mikono wala mabega. Rekebisha umbali wako kutoka kwenye mpira na usimame ukiwa na mizani, usiegemee vidole vya miguu.

Alama zikiwa katikati, tazama mpira ulianzia wapi.

Ukianza kushoto ya shabaha kisha ukapinda kulia, fimbo yako inakata kutoka nje kuja ndani. Hapa ndipo watu wanapojiumiza. Akiona mpira unakwenda kulia, mtu anageuza miguu na mabega kushoto ili kuufidia. Kwa kufanya hivyo anaipeleka njia ya fimbo kushoto zaidi, na pengo kati ya njia na uso wa fimbo linapanuka, kwa hiyo mpira unapinda zaidi. Dawa yake ndiyo sumu yake. Rudisha miguu na mabega sambamba na mstari wa shabaha, kisha hakikisha mpira haujasogea mbele mno, yaani upande wa mguu wa kushoto, kwa sababu mpira ulio mbele mno huyafungua mabega bila mwenyewe kujua. Halafu weka boksi tupu au kofia ya draiva kama sentimita 30 nyuma ya mpira, upande wa nje wa mstari. Fimbo inayokata itagonga boksi wakati wa kushuka. Anza na suingi nusu hadi boksi libaki salama.

Ukianza kulia na kuzidi kupinda kulia, uso wa fimbo uko wazi, na mara nyingi tatizo liko kwenye mshiko. Shika fimbo, tazama chini mkono wako wa kushoto: unatakiwa kuona vifundo viwili hadi vitatu vya vidole. Ukiona kimoja tu, au usipoona hata kimoja, uzungushe mkono kulia kidogo juu ya mpini. Utahisi vibaya. Utahisi vibaya kwa wiki kadhaa, na mipira ya mwanzo huenda ikapinda kushoto. Vumilia, wala usibadilishe kitu kingine chochote wakati huo.

Kuna dalili moja inayowachanganya watu: namba 9, moja ya fimbo fupi za chuma, inakwenda kushoto moja kwa moja bila kupinda, lakini draiva inapinda kulia vibaya. Mtu anadhani ana matatizo mawili. Ana moja. Namba 9 ina mlalo mkubwa, yaani uso wake umelala nyuma, inaupa mpira mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, hivyo mpindo wa pembeni hauonekani sana. Kinachoonekana ni mpira kuanza kushoto tu. Draiva haina mlalo wa kuficha. Tibu kwa namba 9, kwa sababu huko unapata mrejesho bila aibu, na draiva itafuata.

Upepo nao una lake. Ukipiga kuelekea upepo, mpindo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Upepo ukiwa mgongoni kwako, mpindo unafifia nawe unarudi nyumbani ukijisifu. Kwa wachezaji wa pwani, kuanzia Dar hadi Mombasa, hili si jambo dogo. Renji ileile inaweza kukupa majibu tofauti wakati wa kusi na wakati wa kaskazi.

Mipira yote inakwenda kulia, lakini imenyooka

Kabla ya kugusa suingi, weka fimbo chini ikigusa vidole vya miguu yote miwili, rudi nyuma hatua tatu, utazame inaelekea wapi. Mikeka ya renji huwekwa ikitazama katikati ya uwanja. Ukichagua bendera iliyo pembeni, macho yanakwenda kwenye bendera na miguu inabaki inafuata kingo za mkeka. Nakumbuka kedi mmoja, msaidizi anayembebea mchezaji fimbo, alivyomkatisha mteja wake aliyekuwa analalamikia mabega yake: “Mzee, mabega hayana kosa. Wewe umeulenga mwembe, si bendera.” Kedi wengi wanaona mambo haya haraka kuliko sisi, ila heshima inawazuia kusema mpaka waulizwe. Basi uliza.

Jihadhari na jambo moja: fimbo iliyo chini ya vidole haitakiwi kuelekea kwenye shabaha yenyewe. Inatakiwa iwe sambamba na mstari wa mpira, kwa hiyo kule mbali itaelekea kushoto kidogo ya shabaha. Anayeielekeza miguu kwenye bendera tayari amelenga kulia.

Mkekani mpira unaruka vizuri, kwenye nyasi unachota udongo

Hili ndilo kosa ambalo renji inalificha kwa ustadi kuliko yote. Kwenye nyasi, fimbo ikitua sentimita tano nyuma ya mpira inazama udongoni, na mpira unakwenda nusu ya safari. Kwenye mkeka, fimbo hiyohiyo inateleza juu ya zulia na kuufikia mpira kana kwamba hakuna kilichotokea. Mpira unaruka, wewe unatabasamu, unaweka mwingine.

Sikio linaweza kukusaidia. Mpigo safi una mlio mmoja mkavu. Mpigo uliochelewa una milio miwili iliyofuatana, kishindo cha mkeka kwanza kisha mpira. Lakini usitegemee sikio peke yake, kwa sababu renji yenye watu ina kelele. Kunja taulo dogo, liweke kama sentimita 12 nyuma ya mpira. Piga namba 8. Taulo likiruka, umepata jibu. Kama renji yako ina sehemu ya nyasi, chora mstari chini, weka mipira juu ya mstari, na baada ya kila mpigo angalia kidonda cha udongo kilipoanzia. Kwa fimbo za chuma kinatakiwa kuanzia mstarini na kwenda mbele, kisianzie nyuma yake hata kidogo.

Chanzo cha kawaida ni uzito wa mwili kubaki mguu wa kulia. Kipimo chake: maliza suingi, ganda hapohapo, kisha jaribu kuinua mguu wa kulia. Usipoweza kuuinua bila kuyumba, uzito haukuhama. Zoezi ni kupiga suingi ndogo, za mikono kufika usawa wa kiuno tu, huku uzito umeuweka mguu wa kushoto tangu mwanzo na umeubakiza huko. Mipira haitakwenda mbali. Ukipiga ishirini za namna hiyo na taulo halijaguswa, ongeza urefu wa suingi kidogo kidogo.

Chanzo kingine ni nia ya kuuinua mpira. Mtu anajaribu kuuchota ili upae, ilhali kazi ya kuupaisha ni ya mlalo wa fimbo. Mwamini fundi aliyeitengeneza.

Mpira unatambaa chini, unaupiga kichwani

Ukitaka kujua mshauri wa renjini ni wa kweli au la, subiri uuguse mpira kwa juu. Atakuambia, “Kaka, umeinua kichwa.” Kila mtu anasema hivyo. Ni kweli kichwa kimeinuka, lakini mara nyingi kimeinuliwa na mwili ulionyanyuka, na mwili umenyanyuka kwa sababu mpigo uliotangulia uligonga chini, nawe ukaogopa kugonga tena. Kuchota udongo na kupiga kichwani ni ndugu wa damu: katika yote mawili, sehemu ya chini kabisa ya duara la fimbo iko nyuma ya mpira. Mara fimbo inagonga ardhi, mara inaikosa na tayari imeanza kupanda inapoufikia mpira.

Kwa hiyo dawa ni ileile ya taulo na uzito. Ukijilazimisha kukodolea macho chini baada ya mpira kuondoka, utakaza shingo, utazuia mwili kuzunguka, na utaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Ghafla mpira unachomoka kulia kabisa, chini chini

Shanki. Tafuta alama ya wino. Hutaiona usoni mwa fimbo kwa sababu mpira umegongwa na shingo. Jambo la kwanza ni usalama: mpira huo unaweza kupita mbele ya mikeka ya jirani zako upande wa kulia. Simama, hamia mkeka wa mwisho kulia kama upo, au pumzika kwanza.

Chanzo ni kwamba kichwa cha fimbo kimefika kwenye mpira kikiwa mbali na mwili kuliko kilivyokuwa ulipojipanga. Umesimama karibu mno, au uzito umehamia vidoleni wakati wa kushuka, au mikono imesukumwa nje. Weka kijiti cha tii, kile cha kuwekea mpira, kwenye upande wa nje wa mpira, upana wa vidole viwili hivi, upige mpira bila kugusa kijiti. Kwenye mkeka usiotoboka tumia kipande cha boksi. Anza kwa kuupanga mpira mbele ya ncha ya fimbo, siyo katikati, na upige nusu suingi kwa weji, fimbo ya mipigo ya karibu. Mara nyingi shanki huondoka haraka kama ilivyokuja, lakini hofu yake hubaki, na hofu ndiyo inayosukuma uzito vidoleni tena.

Draiva inaacha alama nyeupe juu ya kichwa

Mpira ulikuwa juu mno au umeukata kwa kushuka. Vijiti vya tii vilivyochomekwa kwenye mikeka vina urefu mmoja, na urefu huo haukupimwa kwa ajili yako. Kipimo cha kawaida ni nusu ya mpira kuonekana juu ya ukingo wa draiva. Uliza kama kuna kijiti cha saizi nyingine. Kama hakuna, punguza draiva siku hiyo.

Mwanzo wa ndoo vizuri, mwisho wa ndoo balaa

Piga hesabu kidogo. Kiwanja cha par 72, yaani kinachotarajiwa kumalizwa kwa mipigo 72, kinakadiria mipigo miwili ya grini, pale penye nyasi fupi kuzunguka shimo, kwa kila shimo kati ya 18, yaani 36. Zinabaki 36 za kila aina nyingine, kutoka draiva hadi chipu, mpigo mfupi wa karibu na grini, nazo zinagawanywa kwenye saa nne au zaidi. Ndoo ya mipira 100 ni karibu raundi tatu za mipigo hiyo, na watu wanaimaliza kwa dakika arobaini. Mgongo unachoka, mshiko unakaza, na akili imeondoka zamani.

Tazama namna mtu anavyochukua mpira unaofuata. Ndoo imemwagwa miguuni pake. Anauvuta mpira kwa fimbo, hajasogeza miguu, hajatazama shabaha, anapiga, anavuta mwingine. Kosa la mpira wa kwanza linarithiwa na wa pili, na hasira ya wa pili inarithiwa na wa tatu. Tiba yake ni rahisi hadi inachekesha: weka ndoo hatua mbili nyuma yako, upande ambao huwezi kuifikia kwa fimbo. Kila mpira sasa unahitaji uondoke, uiname, urudi, ujipange upya. Kasi itashuka yenyewe. Kanuni za gofu zinapendekeza mchezaji apige ndani ya sekunde 40 tangu zamu yake ifike bila kizuizi. Jipe nafasi ya namna hiyo na renjini pia.

Na si lazima umalize ndoo kwa kuwa umeilipia. Nunua ndogo. Au gawana na mwenzako, kila mmoja apige mitano huku mwingine akitazama. Ikiwa mipira ya theluthi ya mwisho inakwenda vibaya kila safari, theluthi hiyo inakufundisha kupiga vibaya, na unailipia.

Renjini wewe ni bingwa, kiwanjani hujulikani ulipo

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapoishia, na hapa ndipo nina maneno mengi.

Ukipiga namba 7 mara ishirini mfululizo kwenye bendera moja, kuanzia mpira wa sita hivi mwili haufikirii tena. Unarudia tu, na kila kosa dogo linasahihishwa na mpira uliopita. Unaona maendeleo, na kweli yapo, lakini ni maendeleo ya kurudia. Kiwanjani hakuna mpira uliopita wa namna hiyo. Unapiga draiva, unatembea dakika sita, unapiga namba 5 kwenye mteremko, unangoja wenzako, kisha weji juu ya bunka, eneo la mchanga. Kila mpigo ni wa kwanza.

Watafiti wa ujifunzaji wa miondoko wameliona hili kwa muda mrefu. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu miondoko kadhaa ya mikono. Kundi moja lilirudia mwondoko mmoja hadi uishe ndipo lihamie mwingine; kundi la pili lilichanganya. Wakati wa mazoezi waliorudia walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baadaye, waliochanganya ndio waliokuwa mbele. Na hili ndilo linalowasumbua wachezaji: mazoezi yanayofaa zaidi yanaonekana mabaya zaidi wakati unayafanya. Mtu anachanganya fimbo, anaona mipira inatawanyika, anarudi kwenye namba 7 yake ili ajisikie vizuri.

Simaanishi usirudie kamwe. Ukiwa unabadilisha mshiko au unapambana na taulo, rudia, kwa sababu mwili unahitaji kukutana na jambo jipya mara nyingi. Lakini usitumie ndoo nzima kwa hilo. Ukishamaliza theluthi ya kwanza kwa ufundi, cheza kiwanja chako cha nyumbani pale pale ulipo. Simama nyuma ya mpira, uone shimo la kwanza akilini. Chagua vitu viwili vya kweli uwanjani, mti na kibao au bendera mbili, viwe kingo za feawei, njia ya nyasi iendayo kwenye grini, karibu mita 25 kati yake. Piga draiva. Ulipita katikati? Sasa kadiria umbali uliobaki, chukua fimbo inayostahili, chagua shabaha mpya, piga. Ulikosa grini? Chukua weji. Nenda shimo la pili. Utatumia mipira kama arobaini kumaliza mashimo yote 18, na utakuwa umepumua, umebadilisha fimbo, umejipanga upya kila mara.

Weka alama. Feawei ngapi, grini ngapi, kwenye karatasi au kwenye simu. Bila alama hakuna presha, na bila presha unazoea mchezo ambao haupo. Mkiwa wawili, anayeshindwa anunue soda. Utashangaa jinsi soda ya bei ndogo inavyoweza kutetemesha mikono.

Jambo jingine lililo tofauti ni utaratibu wa kabla ya mpigo. Wachezaji wengi wana utaratibu mzuri kiwanjani, wanasimama nyuma, wanachagua alama, wanafanya suingi moja ya majaribio. Renjini hawafanyi hata kimoja. Kwa hiyo kiwanjani wanatumia utaratibu ambao hawajawahi kuufanyia mazoezi. Ukipata nafasi ya kwenda Nairobi wakati wa Kenya Open, mashindano yanayochezwa tangu 1967, tafuta mahali pa kutazama wachezaji wa kulipwa wakijiandaa. Wanapiga polepole, wana fito chini, na kati ya mpira na mpira wanazungumza na kedi. Mtu asiyejua angedhani ni wavivu.

Namba 7 inabeba mita 150 renjini, kiwanjani inafia njiani

Sababu zinaweza kuwa nyingi kwa pamoja, kwa hiyo zipitie moja moja.

Soma kibao. Je, ni mita au yadi? Yadi 150 ni mita 137, na tofauti hiyo ni zaidi ya fimbo nzima kwa wachezaji wengi. Kisha angalia umbali umepimwa kutoka mkeka gani, maana kwenye renji nyingi mikeka husogezwa lakini vibao havisogezwi. Kama renji iko kwenye kilima na unapigia bondeni, mpira utakaa hewani zaidi.

Unaangalia mpira unapotua au unaposimama? Renji nyingi zina ardhi ngumu wakati wa kiangazi, na mpira unaweza kuongeza mita nyingi kwa kuviringika. Grini iliyomwagiwa maji na yenye bunka mbele yake haitakupa zawadi hiyo. Pima kutua tu.

Mipira ya renji yenyewe imechakaa, vishimo vyake vimesuguliwa, na mingine imetengenezwa makusudi isiende mbali. Kwa kawaida inakwenda pungufu ya mpira mzuri, lakini haina msimamo: miwili iliyopigwa sawasawa inaweza kupishana sana. Itumie kulinganisha fimbo na fimbo. Kwa umbali halisi, nenda kiwanjani jioni kukiwa na utulivu, uwe na mipira yako mwenyewe, na kedi asimame kule mbele pembeni akuonyeshe inapotua. Katika mipira kumi, tupa miwili iliyokwenda mbali kuliko yote. Umbali wako ni ule wa kawaida wa iliyobaki, siyo wa siku ile ya ajabu unayoisimulia.

Mwinuko kutoka usawa wa bahari nao usiusahau. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, na mpira unakwenda mbali kwa karibu asilimia 6 kuliko pwani. Fimbo inayobeba mita 140 Nyali, kule Mombasa, itakaribia 148 Nairobi. Mtu wa Nairobi akishuka Mombasa au Dar kwa mashindano anaanza kuilaumu suingi yake, kumbe ni hewa tu. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, iko kati.

Kiwiko kinauma, kiganja kina malengelenge

Kwanza, acha kupiga. Maumivu ya kiwiko upande wa ndani au ya mgongo wa chini yasiyoisha kwa mapumziko ni ya daktari, siyo ya jirani wa mkeka wa pili.

Ya mkono mara nyingi yanaelezwa na glavu. Ivue uitazame. Ikiwa imetoboka kwenye nyama ya chini ya kiganja, chini ya kidole kidogo, mpini unateleza pale kila ukipiga, kwa sababu umeushika kiganjani badala ya kwenye vidole. Uushushe kwenye mizizi ya vidole na mshiko utalegea bila kujitahidi. Viwiko vinauma zaidi kwa anayegonga mkeka kabla ya mpira, hasa pale ambapo zulia limechakaa juu ya zege. Ukiona sehemu iliyosuguliwa hadi nyuzi zimeisha, sogeza mpira mahali penye unene au omba mkeka mwingine. Usione haya.

Video inaonyesha kosa ambalo halipo

Simu ikisimamishwa pembeni kidogo, njia ya fimbo inaonekana tofauti na ilivyo. Iweke nyuma yako kwenye mstari wa mikono, kimo cha mikono, ikitazama moja kwa moja kule unakopiga. Ya pili iwe mbele ya kifua. Pembe nyingine zote zitakudanganya, na utaanza kurekebisha picha.

Umefanya yote haya na bado

Basi tafuta mwalimu, lakini usiende mikono mitupu. Andika mambo machache: alama za wino ziko wapi kwa fimbo tatu tofauti, mpira unaanza upande gani na kupinda upande gani, taulo linaguswa au haliguswi, na kosa linatokea mwanzo wa ndoo au mwishoni. Mwalimu mzuri atatumia dakika tano za mwanzo kutafuta habari hizohizo. Ukimpa karatasi, dakika hizo zinarudi kwako. Mwambie pia siku yako ya mashindano iko lini, maana kubadilisha mshiko siku tatu kabla ya mashindano hakuna mwalimu mwenye busara atakayekubali.

Na kabla ya kuondoka renjini, kama kuna grini ya mazoezi pembeni, chukua mipira mitatu upige ya mita moja na nusu. Ile mipigo 36 niliyoitoa kwenye hesabu huko juu inakungoja hapo, na mara nyingi hakuna foleni.